Niliuza magari yetu ya mashindano, na kaka yangu bado huniuliza

BARUA YA MSOMAJI

Mzee Mshauri, assalaam alaykum.

Mimi ni mwanamume wa miaka 63, mzaliwa wa Unguja, na nimeishi Portsmouth, kusini mwa Uingereza, tangu mwaka 1968 nilipoletwa na wazazi wangu nikiwa na miaka sita. Nakuandikia kuhusu jambo ambalo mke wangu ameliita la kitoto, na huenda kweli ni la kitoto, lakini limeninyima usingizi tangu mwezi wa tatu.

Nyumbani tulikuwa wavulana wawili, na kaka yangu amenizidi miaka mitatu. Katika sikukuu ya Idi ya Novemba 1971 mama alipata zamu yake ya upatu aliokuwa akiucheza na akina mama wenzake wa Kizanzibari waliohamia mji huu. Alikuwa na haja ya koti la baridi. Badala yake alikwenda kwa mwanamke Mwingereza wa mtaa wa pili akanunua boksi la magari ya kuchezea ya Scalextric ambalo wanawe walikwisha kulichoka, akalibeba mwenyewe hadi nyumbani chini ya buibui lake.

Wasomaji wengine huenda hawayajui magari hayo, kwa hiyo nitaeleza kidogo. Ni magari madogo ya mashindano, kila moja likitoshea kwenye kiganja, yanayokimbia juu ya barabara ya plastiki nyeusi inayounganishwa kipande kwa kipande. Chini ya pua ya kila gari kuna kijiti kinachoingia katika mfuo uliochimbwa katikati ya njia yake. Sisi tulikiita ulimi. Pembeni mwa ulimi mna nyuzi mbili za shaba zinazosugua reli nyembamba za chuma na kuchota umeme. Mchezaji hana usukani. Ana kishikio chenye kitufe cha kubonyeza kwa kidole gumba, na ustadi wake wote ni kujua wakati wa kubonyeza na wakati wa kuachia, kwa sababu akikazana mno kwenye kona ulimi huchomoka katika mfuo na gari huruka mpaka ukutani.

Boksi letu lilikuwa na gari jekundu, Ferrari, na gari la kijani, Lotus, yote mawili ya kiti kimoja. Kaka alichukua la kijani kwa haki ya ukubwa. Ili pasiwe na ubishi, alipasha moto pini ya mama kwenye jiko la gesi akachoma chini ya gari herufi ya kwanza ya jina lake kwa hati ya Kiarabu, kama baba alivyotufundisha kuiandika. Nakumbuka harufu ya plastiki iliyoungua, na namna alivyolipuliza gari lile kama mtu anayepoza uji.

Barabara tuliitandika sebuleni juu ya zulia, ikizunguka miguu ya cherehani ya mama na kupita chini ya meza ya chakula, na hapo chini ya meza palikuwa na kona moja ambayo mchezaji hakuweza kuiona bila kulala kifudifudi. Usiku tulizima taa ili tuone cheche za buluu chini ya magari. Umeme wa nyumba ile ulikuwa wa mita ya kutumbukiza sarafu. Mama aliendelea kuziita shilingi ingawa Waingereza walikuwa wamekwisha kubadili hesabu zao mwaka huohuo, na shilingi ya zamani ilipita kama peni tano mpya. Shilingi ilipokwisha, magari yalisimama yalipo. Februari 1972, wachimbaji wa makaa walipogoma na umeme ukawa unakatwa kwa zamu, magari yalisimama tukiwa tumebakiza mzunguko mmoja. Kaka alisema hakuna kugusa. Tulikaa gizani kwa saa kadhaa, kila mmoja na kishikio chake mkononi, mpaka taa zikarudi na magari yakaruka yote mawili kwa pamoja kwa sababu hakuna kati yetu aliyekuwa ameachia kitufe.

Kuna jambo moja zaidi ambalo ni lazima nilieleze, kwa kuwa nitaliulizia. Magari yote mawili yalikula umeme kutoka transfoma moja, nayo ilikuwa dhaifu. Gari moja lilipoacha kuchota, lile jingine lilipata nguvu ya ghafla. Kaka aligundua hilo kabla yangu. Alisubiri mpaka gari langu lifike katikati ya kona ya chini ya meza, halafu akaachia kitufe chake kwa makusudi, na Ferrari yangu ikaruka kama iliyopigwa teke. Alinifanyia hivyo karibu mwaka mzima kabla sijafahamu kwamba kosa halikuwa la kidole changu.

Mwaka 1981 kaka alihamia Muscat, kama walivyofanya wengi wa jamaa zetu, na huko ndiko alikooa na kulea watoto. Siku ya kuondoka alinikabidhi boksi na kuniambia nilitunze. Mwaka 1984 nilikuwa nimeoa, nina upungufu wa kodi ya nyumba, na Jumapili moja nikalichukua boksi kutoka darini kwa mama, nikalipeleka kwenye mnada wa vitu vilivyotumika na kuliuza kwa paundi kumi. Mama aliona nilivyotoka nalo na nilivyorudi mikono mitupu. Hakusema kitu. Aliniuliza tu kama nimekula.

Tangu hapo, kila Idi kaka anapopiga simu, baada ya salamu na habari za watoto, huniuliza, “Ile gari yangu ipo?” Nami humjibu, “Ipo.” Mama alipofariki mwaka 2009 kaka alikuja, tukaihamisha nyumba yake pamoja, na yeye ndiye aliyepanda darini. Aliposhuka nilimwahi kwa kumwambia kwamba boksi nilikwisha kulihamishia kwangu. Alisema vizuri.

Desemba hii anakuja na mkewe kukaa nasi wiki tatu. Mwezi wa tatu nilipata kwenye mnada wa mtandaoni boksi linalofanana na letu kwa kila hali, lenye Ferrari nyekundu na Lotus ya kijani, na nimelinunua kwa fedha ambazo sitazitaja hapa. Reli zina kutu, transfoma inavuma, na gari la kijani haliondoki mpaka lisukumwe. Mke wangu anasema nilitengeneze, nichome herufi ile chini ya gari kwa pini, nimpokee kaka kwa furaha, na funika kombe mwanaharamu apite. Pini ninayo, mara mbili nimeishika na mara mbili nimeirudisha kwenye kibweta.

Je, nifanye hivyo? Na ikiwa utaniambia nisifanye, nitamwambiaje mtu wa miaka 66 kwamba nimemdanganya kwa miaka arobaini na moja? Pia naomba unishauri namna ya kuyafufua magari haya, na kama ninunue transfoma ya pili ili kila njia iwe na umeme wake.

Mdogo mtu, Portsmouth

JIBU

Wa alaykum salaam, mdogo wangu.

Mkeo amekosea kuliita jambo hili la kitoto, lakini nisingependa umwoneshe sentensi hii. Mimi mwenyewe nina deni na magari hayo. Nilipokuwa mwanafunzi London mwaka 1966 nilifanya kazi za jioni katika duka la vitu vya kuchezea, na msimu wa Krismasi ulipofika niliwekwa nyuma ya meza kubwa yenye barabara iliyotandikwa, kazi yangu ikiwa kuyaendesha magari ili wazazi wayaone na watoto wawavute mikono. Kidole gumba changu kilipata sugu. Vishikio vile vilikuwa na waya wa kupunguza umeme ndani yake, na baada ya nusu saa vilipata moto kiasi kwamba nilivibadilisha mkono kwa mkono. Ndiyo maana nimeisoma barua yako mara tatu, na ndiyo maana nitakujibu kwa urefu kuliko kawaida ya safu hii.

Pini usiiguse. Nianze na hilo ili tusibaki tukilizunguka.

Fikiri ulichonunua ni kitu gani. Aliyebuni magari hayo ni Mwingereza aitwaye Fred Francis, ambaye kampuni yake ya Minimodels ilianza mwaka 1952 kuuza vigari vya bati vya springi vilivyoitwa Scalex. Baadaye akavitia mota ya umeme, akaunganisha jina la vigari na neno la umeme, na Januari 1957 akavionesha katika maonesho ya vitu vya kuchezea mjini Harrogate. Mwaka uliofuata aliiuza kampuni kwa Lines Bros, kampuni nyingine ya vitu vya kuchezea, na kuanzia mwaka 1960 mabodi ya bati yakaanza kuachwa yakaja ya plastiki, kama ya kwenu. Kiwanda kilikuwa Havant, mji ambao kutoka kwako Portsmouth unafika kwa safari fupi ya treni, jambo ambalo nadhani ninyi watoto wa Unguja mliokuwa mkicheza juu ya zulia hamkulijua. Plastiki ilimiminwa katika kalibu, na kalibu moja ilitoa magari mengi ya sura moja. Kwa hiyo Lotus uliyoinunua na Lotus ya kaka yako huenda ni ndugu wa tumbo moja, na mtu akiyaweka pamoja asiweze kuyatofautisha. Kitu pekee katika gari la kaka yako ambacho hakikutoka kiwandani ni herufi ile. Aliichoma mwenyewe, akiwa na miaka kumi na miwili, kwa pini ya mama yenu. Ukiichoma wewe sasa utakuwa umeghushi sahihi ya ndugu yako, na utakuwa umeighushi mahali pa pekee ambapo hakuna mwingine duniani angeweza kusahihisha isipokuwa yeye.

Tena atakugundua. Mtu aliyechoma plastiki akiwa mtoto hukumbuka mahali mkono wake ulipoteleza.

Sasa nikuulize wewe. Kaka yako alipanda darini kwa mama mwaka 2009, akashuka, ukamwambia boksi liko kwako. Kwa mujibu wa maelezo yako alikuwa mjini kwa mazishi na kwa kuihamisha nyumba, na sidhani kwamba alilala hotelini. Je, aliomba kulitazama? Mtu ambaye kila Idi huulizia gari lake amefika kwenye nyumba inayosemekana kulihifadhi, akaondoka bila kusema hebu nilione. Mama yako naye alikuona ukitoka na boksi na kurudi mikono mitupu, na baada ya hapo aliishi miaka ishirini na mitano akizungumza na mwanawe wa kwanza kwenye simu. Sisemi kwamba kaka anajua. Siwezi kusema hivyo nikiwa mbali na bila kumjua. Nasema kwamba mpango wa mkeo umejengwa juu ya dhana kwamba hajui, na dhana hiyo mimi nisingeiwekea hata kikombe cha chai juu yake. Kama anajua, basi utakuwa unampelekea gari lenye herufi ya uongo mtu ambaye kila mwaka amekuwa akikufungulia mlango uingie useme, nawe kila mwaka ukijibu “ipo”.

Kuhusu methali, funika kombe mwanaharamu apite ni maneno yenye busara wakati mwanaharamu ni mpita njia (na kaka yako aniwie radhi, methali ndiyo iliyosema). Huyu hapiti. Atalala kwako wiki tatu, atakunywa chai mezani pako, na kila jioni mtatandika barabara ile pamoja. Kombe gani hilo litakaloweza kufunikwa kwa siku ishirini na moja mbele ya watoto na wajukuu?

Mwambie kwa simu, kabla hajasafiri. Usimngojee uwanja wa ndege, na usimwambie siku ya kwanza mbele ya mkewe, kwa sababu mtu mzima akipewa habari ya namna hiyo mbele za watu hulazimika kucheka au kunyamaza, na wewe hutajua kamwe alichohisi. Mpigie asubuhi, peke yako, na umwambie kwa maneno machache: “Kaka, magari yetu niliyauza mwaka 1984 bila kukuuliza, na kila uliponiuliza nilikudanganya. Nisamehe.” Halafu unyamaze. Usitangulize habari ya kodi ya nyumba, maana udhuru unaotangulia kosa humnyima mwenzako nafasi ya kukasirika. Akiuliza sababu, hapo mwambie, na akiuliza bei, mwambie ni paundi kumi, hata kama unaona aibu kuitaja. Habari ya boksi jipya ije mwisho, na uliite jipya. Usimwambie umemnunulia badala ya lile. Mwambie umepata jingine, halifanyi kazi vizuri, na ungependa akija mlitengeneze pamoja.

Hapo nimekwisha kukujibu nusu ya swali lako la ufundi pia, kwa sababu nakushauri usiyamalize matengenezo kabla ya Desemba. Fanya yale ya usalama na yale ya uchafu. Gari la kijani liache kama lilivyo.

Ya usalama ni transfoma. Usiichomeke tena ukutani. Kitu cha umri huo kinachovuma, ambacho hujui kimekaa kwenye unyevu wa nani kwa miaka mingapi, na ambacho mpira wa waya wake huenda umekauka na kupasuka ndani mahali usipopaona, kinaweza kuua mtu au kuwasha zulia. Kiweke kwenye boksi kwa ajili ya sura yake. Nunua adapta ya kisasa ya volti 12 ya mkondo mnyoofu (DC), yenye uwezo wa ampea 2 au zaidi, na ya aina inayojikata yenyewe nyaya zikigusana, kwa kuwa gari linapopinduka kwenye reli jambo hilo hutokea mara kwa mara. Aifunge fundi wa umeme kama wewe si mzoefu. Magari yakienda kinyumenyume msishtuke. Geuzeni nyaya mbili na yataelekea mbele.

Ya uchafu ni barabara. Kutu nyepesi kwenye reli huondoka kwa kifutio kigumu cha kalamu, ukikisugua kufuata urefu wa reli, kisha kitambaa safi chenye spiriti. Usitumie msasa wa kukwaruza, kwa kuwa mikwaruzo hukusanya uchafu upya na huzila zile nyuzi za shaba. Baada ya kuunganisha, pitisha gari polepole na usikilize. Mahali linapokwama ni pale ambapo ndimi za reli kati ya vipande viwili zimelegea, na koleo ndogo huzibana kwa mkono mwepesi. Vikofi vya plastiki vinavyoshikanisha vipande ni vya kale na huvunjika kama biskuti, kwa hiyo pandisha kipande kidogo ndipo ukichomoe, usikivute kwa nguvu. Na wajukuu wanawe mikono kabla ya kucheza. Mafuta ya vitumbua kwenye reli ni adui mkubwa kuliko kutu, na hilo nalisema kwa sababu katika duka la London adui alikuwa siagi ya biskuti na hakuna mteja aliyeniamini.

Kuhusu gari la kijani, nitakutajia tu nadhani lina nini, ili kaka akifika mjue pa kuanzia. Gari linaloondoka baada ya kusukumwa kwa kawaida lina moja ya mambo matatu. Huenda nyuzi za shaba chini ya pua zimechoka na kulala, nazo huchanwa kwa ncha ya sindano zisimame kidogo, kwa uangalifu kwamba za kulia zisiguse za kushoto, au hubadilishwa, maana nyuzi mpya zinauzwa hadi leo. Huenda brashi za mota, vile vijipande vinavyoipitishia umeme, zimechafuka. Au huenda, na hili ndilo ninalolishuku zaidi, ekseli ya nyuma imesokotwa nywele na manyoya ya zulia la watu wengine kwa miaka. Ukiligeuza gari chini ya taa utayaona, kijifundo cha rangi ya majivu kilichojifunga kati ya gurudumu na bodi. Hutolewa kwa kibanio cha nyusi, uzi mmoja mmoja, na ni kazi ya watu wawili: mmoja ashike gari na taa, mwingine avute. Ukimaliza tia tone moja tu la mafuta ya cherehani kila upande wa ekseli. Kama cherehani ya mama ingalipo kwa mmoja wenu, chupa yake ya mafuta ndiyo hasa inayofaa. Matairi yaliyokuwa magumu kama kokwa hayafufuki kwa dawa. Yapo mapya ya kipimo hicho, agiza manne ya kila gari.

Mtandike chini, kwenye zulia, kama mlivyozoea, lakini wekeni ubao mwembamba chini ya barabara ili manyoya yasirudi kwenye ekseli. Magoti yenu yatalalamika. Kona moja ipitisheni chini ya meza.

Sasa swali lako la mwisho, la transfoma ya pili. Ule mruko uliokuwa ukiirusha Ferrari yako ulitokana na udhaifu: transfoma ya zamani ilishuka volti ikibeba magari mawili, na mzigo mmoja ulipoondoka ghafla volti zikapanda, gari lililobaki likazipokea zote likiwa katikati ya kona. Adapta ya kisasa yenye uwezo wa kutosha hushikilia volti zake palepale, gari moja liwepo au mawili. Kwa hiyo huhitaji ya pili. Kaka yako atangoja mpaka uingie chini ya meza, ataachia kitufe kama alivyokuwa akifanya mwaka 1972, na gari lako litapita kona bila hata kutikisika. Hilo moja unaweza kumficha.